Msafara wa Ratilal

Kila Jumamosi, baada ya chai isiyo na sukari, Léon Ntumba aliwapangusa tembo wake kwa unyoya wa kuku. Hakutumia kitambaa, kwa sababu kitambaa hukwaruza rangi, na hakumruhusu mtu mwingine, kwa sababu mtu mwingine huharakisha. Tembo walikuwa watatu, wa udongo, waliopakwa rangi kwa mkono huko Gujarati kabla ya Léon kuzaliwa, na hakuna aliyezidi urefu wa kiganja. Mbele yao walitembea wapiga ngoma, wapuliza tarumbeta na farasi sita wenye matandiko mekundu. Tembo wa katikati alibeba mfalme chini ya paa dogo la dhahabu. Nyuma yake walifuata wabeba miavuli, wapunga nzi, askari wenye mikuki, na mwisho kabisa mbeba mwenge mmoja aliyegeuza shingo kutazama alikotoka. Sanamu zote zilikuwa arobaini na tatu. Zilipita ndani ya kabati la kioo sebuleni, juu ya mchanga mwekundu uliochekechwa, kutoka upande wa mlango kuelekea dirishani, na kati ya moja na nyingine paliachwa nafasi ya upana wa kiberiti. Mwaka huo wa 2001, vitu vichache sana mjini Butembo vilikuwa bado mahali pake.

Wageni hawakuweza kulipita kabati hilo bila kusimama. Siku ya komunyo ya kwanza ya binti yake Ornella, padri mmoja alisimama mbele yake, sahani mkononi, akauliza kama ile ilikuwa dini.

"Ni administration, mon père," Léon alimjibu. "Angalia mupango."

Kisha akamsimulia, kama alivyowasimulia wote, jinsi rafiki yake Ratilal, Muhindi mwenye duka kule Beni, alivyompa msafara mzima kama zawadi ya kuagana.

Jumamosi hiyo alikuwa amefika kwa tembo wa pili pale Marie-Jeanne alipoingia bila kubisha. Marie-Jeanne aliuza vitenge alivyovifuata Kampala na Nairobi, na alikuwa ndugu mdogo wa Kanyere, mke wa Léon. Hakukaa. Alitoa bahasha kutoka kwenye fundo la nguo yake.

"Shemeki, iko barua yako. Mule mu magazin nanunuaka vitenge Nairobi, mwenye magazin alisikia nasema Butembo. Akaniuliza: unajua karani moja wa Serikali, Léon, alikuwaka Beni? Nikasema, uyo njo shemeki wangu. Akalia, ule mutu! Mbele ya baclients."

Miwani ya Léon ilikuwa imebaki na kioo kimoja tangu mwaka uliopita. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo, kama angefikiri kidogo, asingelifanya: alimpa Ornella barua aisome kwa sauti. Ornella alifundisha shule ya msingi na alikuwa na sauti iliyozoea kufika kwenye madawati ya nyuma. Kanyere, aliyekuwa jikoni akichambua maharagwe, alisikia kila neno.

Barua ilikuwa fupi, ya Kifaransa cha kamusi. Mwandishi alikuwa mtoto wa Ratilal. Baba yake alikuwa amefariki mwezi wa pili. Katika karatasi zake walikuta orodha: tembo watatu, farasi sita, watu thelathini na wanne; mahali: tundu la ukuta wa sebule, Beni; na chini yake maneno haya: vimewekwa kwa Bwana Léon, karani, mpaka nitakaporudi. Kama vita vilikuwa vimebakiza chochote, familia iliomba hicho kilichobaki.

Kanyere alikuja akasimama mlangoni, maganda ya maharagwe yakiwa yamemganda vidoleni.

"Ornella, soma tena pale ya mwisho."

"'Vimewekwa kwa Bwana Léon, karani, mpaka nitakaporudi.'"

"Papa Ornella," Kanyere alisema. "Alikupa ao alikuwekea?"

Léon alirudisha unyoya ndani ya sanduku lake. "Ilikuwa wakati ya fujo, Mama Ornella. Batu hawakukuwa na nafasi ya kuchagua maneno."

"Mie siulize maneno. Miaka makumi mbili na moja tuko pamoja, nasimama pembeni yako na sinia ya soda, wewe unahadisia batu juu ya zawadi. Hata ku matanga ya mama yangu ulihadisia! Alikupa?"

"Banituma kule mwaka wa sabini na ine," Léon alisema hatimaye. "Serikali ilikamata mamagazin ya bageni, njo mimi nilienda kuandika bintu: bitambaa, chumvi, mizani, mpaka misumari. Akaniingiza mu sebule. Akasema: andika yote, mais hii usiandike, ntarudi. Sikuandika. Kisha nikabeba. Ni ile tu."

Huo ndio uliokuwa ukweli, nao ulikuwa mfupi sana ukilinganishwa na hadithi aliyowazoesha. Hakuna aliyeketi. Marie-Jeanne, aliyekuwa na magari ya kutafuta, ndiye aliyesema kwanza.

"Bon. Siku ya ine, Alhamisi, napanda na camion, Beni, Kasindi, mupaka. Niko na viloba kumi vya maharagi ya dada yangu. Tunatia ile batu mu katikati ya maharagi, hawavunjike, hawaonekane. Imeisha."

"Bila papier?" Léon aliuliza.

"Papier ya nini, shemeki?"

"Kitu inatoka mu mikono yangu, inaingia mu mikono ya mwenyewe. Inaomba procès-verbal."

"Inaomba kiloba," Kanyere alisema, akarudi jikoni.

*

Léon alikuwa amehudumu miaka ishirini na mitano katika ofisi ya mali ya Serikali, kwanza Beni, kisha Butembo, mbali na Kasai alikozaliwa. Miaka miwili kabla ya barua hiyo, mouvement yenye silaha iliyotawala eneo lile ilimpumzisha kazi kwa barua ya shukrani isiyo na muhuri. Kwa kuwa haikuwa na muhuri, Léon hakuihesabu. Alijiona kuwa karani aliyechelewa kwenda kazini. Mshahara nao ulikuwa umechelewa tangu zamani zaidi, na nyumba ilikula maharagwe na viazi ambavyo Kanyere alivifuata Musienene siku za soko na kuviuza Butembo. Jambo hilo halikuzungumzwa mezani.

Siku tatu alikaa na kaboni mbili na kalamu, akiandika procès-verbal, yaani hati ya makabidhiano. Alieleza kila sanamu: mavazi, rangi, nyufa. Aliandika kwamba sikio la kushoto la tembo wa tatu lilikuwa limegongwa, lini, na na nani. Aliyeligonga alikuwa Ornella, akiwa na umri wa miaka minne.

"Papa, na ile pia inaenda Nairobi?" Ornella aliuliza, akisoma juu ya bega lake.

"Mutu anapokea kitu, anapashwa kujua makosa yake."

"Batu arobaini na tatu banangojea visa," Ornella alimwambia mama yake. "Hata Yesu aliingia Yerusalemu bila procès-verbal."

"Na uliona mwisho yake," Léon alisema bila kuinua kichwa.

Jumanne jioni Kanyere aliweka sahani ya viazi juu ya nakala ya tatu. "Marie-Jeanne anapakia keshokutwa asubui. Umemaliza?"

"Inabakia muhuri."

"Muhuri ya nani?"

"Ya bureau."

Kanyere alimtazama kama mtu anayetazama daraja ambalo gari limekwisha kulivuka nusu. "Papa Ornella, ile bureau hapana yako tena. Wacha. Nakuomba, wacha ile karatasi, tutie batu mu maharagi. Ile mutoto wa Muhindi anangojea bintu ya baba yake, hapana muhuri."

"Na ku barrière ya Kasindi, bakipata kwa Marie-Jeanne tembo ya dhahabu bila papier? Atasema aliiba. Nani atamusaidia?"

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake. Léon alikuwa mtu wa kukosea kwa hoja zilizonyooka.

*

Ofisini alikaa kwenye benchi la watu wa nje. Hakuwahi kulikalia kabla ya siku hiyo na alishangaa kuona kwamba mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika mwaka wa 1989 kwamba benchi hilo lilikuwa zima. Msichana wa mapokezi, asiyemfahamu, aliichukua nakala ya kwanza, akaiandika katika kitabu cha barua zinazoingia, akamwambia angoje. Alingoja kutoka saa tatu hadi saa sita. Alipoitwa, aliingia akiwa ameshika kofia mkononi, akakumbuka, akairudisha kichwani, kisha akaivua tena.

Aliyekalia kiti chake alikuwa Abdias, kijana wake wa zamani, ambaye Léon ndiye aliyemfundisha kunoa penseli kwa namna inayostahili. Abdias alisimama kumpokea, akampa mikono miwili.

"Papa Léon. Karibu kwako." Alisoma ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa kwa heshima. Ukurasa wa pili aliusoma mara mbili. "Papa, hapa umeandika: kila kimoja kina namba chini."

"Njo vile iko."

"Ile namba?"

"Unaijua. Ni wewe ulishika mukebe ya rangi."

Abdias aliijua. Mwishoni mwa mwaka 1996, jeshi la Serikali lilipokuwa likikimbia kupitia Butembo na kupora kila nyumba, Léon alikuwa amewalaza tembo wake kifudifudi mezani, akawachora chini, kwa rangi nyeupe, alama ya Serikali na namba, kuanzia moja hadi arobaini na tatu. Aliamini kwamba askari hawezi kuiba mali ya Serikali yake mwenyewe. Askari walikuja. Walichukua magodoro mawili na redio, na ofisini walichukua meza, mashine za kuandika na milango, vyote vikiwa na alama ileile. Msafara waliuacha, kwa kuwa hauliwi na haulaliwi. Léon aliandika katika daftari yake kwamba alama ilikuwa imefaa.

"Kitu yenye namba ya Serikali chini yake ni ya Serikali," Abdias alisema taratibu. "Ni wewe ulinifundisha."

"Niliiandika juu ya baaskari."

"Mie najua. Mais karatasi haijue."

"Basi ntaondoa ile phrase. Nitaandika upya."

Abdias alivuta droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Kuna circulaire ya Beni. Mali yote ya Serikali yenye iko mu manyumba ya batu, kuirudisha mbele ya mwisho wa mwezi. Commandant Grady wa mouvement njo anafuata. Copie yako iko mu register tangu saa tatu, na numéro. Nikitia muhuri, nimeona. Nisipotia, nimeona vilevile." Akateremsha sauti, binti wa mapokezi alikuwa mlangoni. "Juu ya nini ulikuja hapa, Papa? Si ungalitia tu mu kiloba?"

Léon alirudisha kofia kichwani. Wa tatu kumshauri vile alikuwa mtu aliyemlea yeye mwenyewe, katika chumba kile, ili asiweze kamwe kusema maneno kama hayo.

*

Alirudi nyumbani akasema: "Kesho batakuja kuangalia." Kanyere akauliza nani, akajibiwa. Akapendekeza kabati liachwe tupu usiku uleule. Léon akasema kwamba nakala ilikuwa katika register, kwamba wakikuta kabati tupu watamfunga, na kwamba Abdias angefungwa pamoja naye. Kanyere hakubishana. Aliinua ungo wake akaenda kupima maharagwe.

Asubuhi Léon alijinyoa uani mbele ya kipande cha kioo na kuvaa koti la harusi yake. Hakuingia sebuleni; kwa mara ya kwanza alilipa kabati mgongo. Marie-Jeanne alifika na wabebaji, viloba kumi vikatolewa. Kanyere alikuwa akishona mdomo wa kile cha mwisho kwa sindano ndefu.

"Dada, hii imejaa vizuri?" Marie-Jeanne aliuliza.

"Imejaa. Usiitupe chini."

Commandant Grady alifika saa tatu, kwa pick-up, pamoja na Abdias na askari wanne. Hakuzidi miaka ishirini na minane. Alikuwa na kalamu tatu za rangi tofauti katika mfuko wa shati, na mabuti ya mvua yaliyooshwa. Alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma, muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa.

"Kitoko, muzuri," alisema. "Tala, angalia. Chef juu, batu yote chini, ngoma mbele. Hii njo cortège. Vieux, kitu kama hii inafanya nini mu nyumba ya mutu bure?"

"Ni amana, Commandant. Iko na mwenyewe, Nairobi. Niko na barua."

"Barua iko na muhuri?"

"Hapana."

Grady alimwashiria Abdias. Abdias alifungua kabati, akamtoa mpiga ngoma mmoja, akampindua, akaonyesha alama nyeupe. Hakumtazama Léon.

"Ni ya Serikali," Grady alisema. "Tia mu caisse."

Askari wa kwanza alimshika tembo wa mfalme kwa mkonga. Léon aliruka. "Hapana vile! Unamushika chini ya tumbo. Wacha nifunge mwenyewe, Commandant, inavunjika."

"Wewe hapana gusa mali ya Serikali. Kaa."

Alikaa. Kiti kilikuwa kimegeuziwa ukuta, na hakuna aliyemwambia akigeuze, kwa hiyo aliusikiliza msafara wake ukiondoka, udongo juu ya udongo. Askari waliomba kitu cha kuufungia. Kanyere aliwapa magazeti ya parokia, hayakutosha. Grady alielekeza kidole kwenye kamba ya nguo, na vitenge viwili vya Kanyere, kimojawapo kikiwa cha harusi, vikaanuliwa na kupasuliwa vipande kwa kisu.

"Mama, usisikitike. Ni effort de guerre, muchango ya vita."

"Nimesikia," Kanyere alisema. "Vita yenyewe itajifunga kitenge."

Askari mmoja alicheka, akaacha. Grady alikuwa amekwisha kufika mlangoni alipogeuka.

"Mu Beni nani atajua kupanga hii? Kule hatuko na Muhindi."

Abdias alikohoa. "Ni Papa Léon peke anajua."

"Bon. Vieux, panda."

Ornella alimfuata hadi kwenye gari. "Commandant, atarudi siku gani?"

"Siku atamaliza kupanga. Kama amepanga muzuri." 

Kanyere alimpa mumewe sweta na viazi viwili vya kuchemsha vilivyofungwa katika jani. Léon alipanda nyuma, akakaa na kasha katikati ya magoti yake ili mashimo ya barabara yamfikie yeye kwanza.

*

Barabara ya Beni ilikuwa kilomita hamsini na kitu, na iliwachukua mpaka alasiri. Gari lilipoingia katika ua wa makazi ya Commandant, Léon alitambua kwanza mti wa parachichi, kisha vigae vya ngazi, kisha nyumba nzima. Lilikuwa jengo la Ratilal. Mwaka wa 1974 aliliorodhesha mwenyewe: vyumba sita, milango tisa, duka upande wa barabara. Milango sasa ilikuwa minne.

Sebuleni, tundu la ukuta lilikuwa palepale, refu na la kina kifupi, kama dirisha lililokataliwa kutoboka. Ndani yake palikuwa na televisheni isiyo na umeme na chupa za bia. Askari walizisogeza.

"Panga," Grady alisema. "Siku ya posho, Jumamosi, bageni banafika ya Kampala. Nataka baone."

Léon aliomba mchanga. Akapewa udongo wa uani. Aliomba kiberiti, akarushiwa. Kwa saa mbili alipanga, akipima nafasi kwa kiberiti, akiwageuza farasi watazame alikotazama mfalme. Masikio mawili ya tembo yalikuwa yamevunjika na mpuliza tarumbeta mmoja hakuwa na tarumbeta. Hata hivyo mikono yake ilifanya kazi kwa utulivu ambao yeye mwenyewe aliuona kuwa wa aibu. Sanamu hizi zilikuwa zimesimama hapa siku ile alipoingia na daftari, kijana wa miaka ishirini na mitano, na mtu wa makamo akamwomba asiandike. Alikuwa amewarudisha. Hakuna aliyeweza kulikana hilo, wala hakuna aliyeweza kulifurahia.

Abdias alisimama kando, nakala ya procès-verbal mkononi, akiita kila sanamu kwa utaratibu wa kupokea mali. "Namba makumi tatu na nane, mupunga nzi." "Iko." "Arobaini na mbili, askari wa mukuki." "Iko." "Arobaini na tatu, mubeba mwenge wa nyuma, shingo imegeuka."

Léon aliingiza mkono ndani ya kasha. Alipapasa vipande vya kitenge, akavitoa kimoja kimoja, akavikunjua. Alipokunjua cha mwisho, ambacho kilikuwa cha harusi, aliona tena kichwani mwake sindano ndefu ya Kanyere ikiingia na kutoka kwenye mdomo wa kiloba, na akasikia: usiitupe chini.

"Arobaini na tatu," Abdias alirudia.

"Iko wapi?" Grady aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Léon alikikunja upya kipande cha kitenge cha harusi.

"Mbele ya baaskari wangu kuingia, mu ile nyumba mulikuwa nani? Wewe, bibi yako, na ile mutoto wa kujibu-jibu." Grady alisimama. "Mutu aliiba mali ya Serikali mu wakati ya vita. Pick-up iko na mafuta. Kesho asubui naleta bale babili, balale mu shimo mpaka ule mutu wa udongo arudi ku mustari."

Léon alichukua kiberiti akakiweka mfukoni, kisha akakumbuka kwamba hakikuwa chake, akakirudisha mezani.

"Arobaini na tatu hakuna, Commandant," alisema.

"Imeandikwa."

"Ni mimi niliandika. Nilihesabu vibaya. Mu mwaka wa tisini na sita, wakati natia namba, niliruka moja. Biko arobaini na mbili. Bilikuwaka arobaini na mbili."

Katika maisha yake yote ya kazi, Léon Ntumba hakuwahi kukiri kosa la hesabu, kwa sababu hakuwahi kulifanya. Abdias alilijua hilo. Alijua pia kwamba hakuna namba iliyorukwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mkebe wa rangi, na alikumbuka mbeba mwenge, wa mwisho, wakati rangi ilipokuwa imekauka na ikabidi waongeze maji. Grady alimgeukia.

"Bureau inasema je?"

Abdias aliitazama karatasi. "Papa Léon alianza kuzeeka mapema," alisema. "Ile kosa nilishaionaka."

Grady alicheka, na sebule nzima ikapata ruhusa ya kucheka. "Karani hapana jua kuhesabu! Vieux, hesabu baaskari hapa."

Léon alihesabu. "Saba."

"Saba? Na mimi? Mie ni mama ya kuuza ndizi? Hesabu tena, na sauti."

"Moja," Léon alisema, "mbili, tatu," na akaendelea mpaka nane, akinyoosha kidole kwa kila mmoja kama mtoto wa darasa la Ornella, na alipofika nane walipiga makofi. Kisha aliandika kwa mkono wake chini ya procès-verbal: mimi niliyeweka saini, nakiri kwamba nilikosea hesabu. Abdias alivuta muhuri kutoka mkobani, akaupumulia, akaugonga. Uligonga sawasawa, bila kivuli, kama alivyofundishwa.

*

Alirudi Ijumaa, juu ya lori la ndizi. Ornella alikuwa bado shuleni. Kanyere alikuwa sebuleni akipanga mafungu ya vitunguu ndani ya kabati la kioo, juu ya mchanga mwekundu, kwa sababu mlikuwa mkavu mle. Alipomwona alisimama, akamtazama kutoka kofia hadi viatu, akihakikisha kwanza kwamba amerudi mzima.

"Bakupiga?"

"Hapana. Banihesabisha."

Kanyere hakuelewa, naye Léon hakueleza. Aliketi, safari hii akiwa amekigeuza kiti vizuri. Kanyere alimletea maji.

"Marie-Jeanne alituma neno na chauffeur wa Kasindi," alisema. "Alivuka leo asubui."

"Na papier gani?"

"Na maharagi."

Léon alikunywa maji yote. Nje wabebaji walikuwa wakibishana juu ya mzigo. Kati ya vitunguu na kioo, upande wa mlango, nyayo mbili ndogo zilikuwa bado zimechapika mchangani.

"Juu ya nini ulikamata ule wa nyuma?"

"Njo alikuwa karibu na mulango. Nilitaka kukamata bengine, nikasikia umeamuka, unakata ndevu inje." Alisogeza kitunguu kimoja bila sababu. "Nilitaka yote, Papa Ornella."

"Iko na alama ya Serikali chini. Wakimugeuza ku mupaka..."

"Haiko tena. Nilisugua na majivu na maji kidogo."

Léon aligeuka ghafla, na kwa mara ya kwanza tangu juzi uso wake ulikuwa wa mwenye mali. "Na kitambaa?"

"Na kidole," Kanyere alisema. "Kitambaa inakwaruza rangi."